Imetulia

Walimwita Sikio, na si kwa sababu alizaliwa na masikio makubwa, ingawa wapo waliomtania hivyo. Jina lilitokana na kazi. Ukitaka kununua gari lililotumika, ulimpitia gerejini kwake, ukambembeleza aache alichokuwa akikifanya, ukaenda naye hadi lilipo gari, halafu ukakaa pembeni na kufunga mdomo. Atalizunguka. Atainama. Atatia kidole hapa, atagonga pale. Mwisho kabisa atachomoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao kwenye mfuko wa ovaroli, aweke ncha yake juu ya injini inayounguruma, na mpini aubane kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Hapo atafumba macho, na hata dalali anayeongea kutwa nzima bila kumeza mate atanyamaza. Akiyafumbua atatamka neno moja kati ya mawili. "Inalia," basi funga pochi yako urudi nyumbani. "Imetulia," basi lipa, ukapakie familia.

Hakuna aliyedai maelezo zaidi. Magari aliyoyasema yametulia yalitembea mpaka wenyewe wakayachoka, na yale aliyoyasema yanalia, wabishi walioyanunua walikuja baadaye kuyasukuma hadi mlangoni kwake, wameinamisha vichwa. Yeye hakuwacheka mbele yao. Aliwacheka jioni, akiwa na mkewe.

Sasa mkosi wenyewe ni huu: Sikio alikuwa hasikii tena.

Lilianza la kushoto, akadhani ni nta. La kulia likafuata taratibu, na yeye akazidi kuwalaumu watu kwamba siku hizi wanaongea wakitafuna maneno. Mkewe ndiye aliyemkokota hospitali. Daktari wa masikio, kijana mpole, alimvika vidude viwili masikioni akamwonyesha kwa ishara ainue mkono kila atakaposikia mlio. Sikio akakaa, mkono uko pajani, anangoja mlio uanze. Alingoja mpaka daktari akaja kumvua vile vidude. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mlio ulikuwa umeanza, ukaendelea, na ukakwisha, yeye kakaa tu. Nyundo, mashine za kusagia vyuma, injini zisizo na eksozi, maisha mazima ya kelele, na mishipa ya ndani imekufa. Dawa hakuna. Kifaa cha kuvaa kingemletea makelele tu, si maneno.

Njiani kurudi alimwambia mkewe jambo moja. "Ukimwambia mtu, umenizika."

Mkewe hakumwambia mtu. Akawa anasimama mbele yake anapoongea, anapanua mdomo kwa kila neno, na wageni wakija anarudia maneno yao kana kwamba ni tabia yake tu ya kupenda kurudia mambo. Gerejini Sikio alijitafutia njia zake. Alisoma midomo. Alicheka wenzake walipocheka. Akiulizwa jambo asilolidaka alijibu, "Tutaona," jibu ambalo halijawahi kumfunga mtu. Injini aliipima kwa kiganja, na walioleta magari ya kusikilizwa aliwaambia mgongo unamsumbua, wakamwone Kipara. Huyu Kipara alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa ana gereji yake upande wa pili wa barabara, na sikio lake lilikuwa zuri, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelifundisha.

Watu waliona amebadilika, wakasema, "Siku hizi Sikio anajisikia." Mkewe alipomletea umbeya huo, Sikio alicheka mpaka akakohoa. "Afadhali ningekuwa najisikia," akasema. Halafu akaacha kucheka na hakula vizuri siku ile.

Mambo yangeweza kwenda hivyo hivyo hadi uzeeni kama si mpwa wake kurudi kutoka machimboni. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Sikio alimlea tangu akiwa mdogo, na kama ilivyo desturi ya mtu na mpwa wake, waliitana mjomba huku na huku, mkubwa kwa mdogo. Mtaani alijulikana kama Bwana Harusi, kwa sababu utotoni kila msafara wa harusi ulipopita alikuwa akiukimbiza mpaka mwisho wa lami, akarudi na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa bado hajaoa, jina limebaki kumkejeli. Huko machimboni alikuwa amefanya kazi ya chini ya ardhi kwa miaka ambayo hakupenda kuizungumzia, na alichotoka nacho ni kikohozi na akiba.

Aliingia, akaamkia shikamoo, akaketi kwenye kochi, akaanza kuongea kwa mikono yote miwili. Sikio alidaka neno hapa na pale. Mengine mkewe aliyarudia.

"Ehe! Unataka kununua gari la spoti?" alisema mkewe, akimgeukia mumewe. "Jekundu! La kukodisha harusini! Maharusi wakae nyuma, wewe uendeshe!"

"Viti vya nyuma si vidogo?" aliuliza Sikio.

Mpwa akacheka, na hilo jibu Sikio alilisoma bila shida: "Wanaooana hawalalamikii kubanana, mjomba."

Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Alikuwa na rafiki mpiga picha za harusi ambaye angempa wateja. Dalali alikuwa amelileta gari, watu wengine walikuwa wanalitaka, ila yeye amewaambia hatoi hata senti moja kabla mjomba wake hajalisikiliza. Akiba yote ingeingia humo. Ikienda vizuri, harudi tena chini ya ardhi. Ikienda vibaya, basi anarudi, na kile kikohozi kitarudi naye. Aliyasema haya akitabasamu, kwa sababu hakufikiria kwamba ingeweza kwenda vibaya.

Juu ya kichwa cha mpwa, mkewe alimkazia Sikio macho. Midomo yake ilitamka neno moja bila sauti: Mwambie.

Sikio aliliona vizuri sana. Akaangalia pembeni.

"Kesho asubuhi," alimwambia mpwa. "Na mwambie huyo dalali asiliwashe kabla hatujafika."

Mpwa alipoondoka, mkewe aliacha vyombo kwenye beseni akaja kumsimamia mbele, mikono inadondosha povu. "Mpeleke kwa Kipara."

"Nimwambie nini? Kwamba gari la mtoto wa dada yangu nasikiliziwa na Kipara?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba mimi ni mjomba wake," alisema Sikio, na mkewe akarudi kwenye vyombo vyake, maana alimjua.

Njiani asubuhi Sikio alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Alimfundisha mpwa wake barabara nzima, na kufundisha ni kuzuri kwa mtu asiyesikia, kwani anayefundisha ndiye anayeongea. Alimwambia gari la kununua huwashwa likiwa baridi, kwa sababu injini ya moto huficha maradhi. Alimwambia magari ya spoti ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa mwenye nalo hakulinunua ili aende nalo taratibu sokoni. Limekanyagwa. Limerushwa kwenye matuta. Mara nyingi limeshabusu ukuta, likanyooshwa na kupigwa rangi, kisha likaletwa kwako linang'aa.

"Rangi isikutie wazimu," alimwambia. "Rangi ni ya mwisho."

Lakini walipofika kwenye yadi ya dalali, rangi ilimtia wazimu hata yeye. Lilikuwa chini, pana, jekundu la kukolea, na limeegeshwa kwa mshazari ili jua lilipate ubavuni. Dalali alikuwa mtu mnene mwenye simu mbili. Alimpa Sikio mkono kwa mikono miwili na kuinama kidogo, kama ilivyompasa mtu ambaye neno moja la Sikio lingeweza kumlaza njaa.

Sikio akaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto.

"Umeliwasha," alisema.

Dalali akaanza kujitetea kwa mdomo na simu zote mbili. Ati alilisogeza tu kutoka kwenye kivuli. Sikio hakuhitaji kusikia ili kujua anadanganywa. "Tutakaa hapa mpaka lipoe," akasema, akavuta ndoo akaigeuza na kuikalia. Mpwa alimtazama kwa fahari. Watu wa yadi waliosikia kwamba Sikio yuko kazini walianza kusogea mmoja mmoja.

Wakati linapoa alifanya yale mengine, na hapo hakuwa na haja ya masikio. Alitoa sumaku aliyoifunga kwenye kitambaa akaipitisha mlangoni, kwenye mabati ya kando, kwenye paa. Pale penye puti nyingi ya kuzibia mibonyeo chini ya rangi, sumaku ingeanguka. Haikuanguka. Alipima kwa ncha ya kidole mianya ya milango, kulia na kushoto, ikawa sawasawa. Aliinua zulia la buti akatafuta alama za kuchomelea. Alilala chali chini ya gari akaikagua chesisi yote kwa tochi. Alisoma chapa kwenye vioo akagundua kimoja si cha asili, na dalali akakiri kwamba kilipigwa jiwe. Alitazama tairi zimelika vipi, upande mmoja au katikati. Aliukagua mpira wa pedali ya klachi, akaangalia na kilomita zilizoandikwa, akaona havipingani. Alifungua kifuniko cha rejeta akachungulia maji kama yana ule utando wa mafuta unaofanana na maziwa. Hayakuwa nao. Kwa kila alilolipitisha alimtikisia mpwa wake kichwa kukubali, na uso wa mpwa ukazidi kufunguka.

Halafu akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa mpya kabisa, safi, ya rangi ya asali, na alipoisugua kati ya vidole viwili aliiona nzito. Nzito kupita inavyotakiwa kwenye injini ya aina ile.

Oili mpya ina maana moja kati ya mbili, na Sikio aliwahi kuwafundisha wengi jambo hilo. Ama mwenye gari ni mtu wa usafi, ama injini inagonga ndani na amemimina oili nzito ili kuuzima ule mlio wa kugonga. Jicho haliwezi kuzitenganisha hizo mbili. Sumaku haiwezi. Ni sikio tu. Na kwenye gari la spoti, lenye eksozi inayonguruma hivyo, hata sikio la kawaida haliwezi. Kwa ajili hiyo ndiyo watu walikuwa wakimwita yeye.

Alirudisha kijiti. Alifuta vidole kwenye ovaroli, akavifuta tena. Sasa, alijiambia. Sema sasa. Sema mgongo unauma, mwiteni Kipara, atakuja.

"Liwashe," alisema.

Alijua limewaka kwa sababu ardhi ilimtekenya miguuni na watu wakarudi nyuma kidogo wakitabasamu. Alichomoa bisibisi. Aliona midomo ya watu ikifumba mmoja baada ya mwingine, ya dalali mwisho, na akatambua kuwa yadi nzima imemnyamazia. Akaweka ncha kwenye injini, akaubana mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio la kulia, akafumba macho.

Hakukuwa na kitu. Mpini ulikuwa unatetemeka, ndiyo, lakini mkono wake pia siku hizi ulikuwa unatetemeka, na hakuweza kujua kipi ni cha injini na kipi ni chake. Akasogeza ncha chini zaidi, kule konrodi, vyuma vinavyobeba pistoni, zinakozunguka, akangoja. Kimya. Na kimya ndicho alichokuwa akikitafuta kwenye injini maisha yake yote. Kilikuwa kimya kizuri, kimejaa, hakina mkwaruzo. Alijua ni uongo. Alijua vilevile kwamba huenda si uongo, kwamba injini nzima, isiyo na kasoro, ingekuja kwake hivyo hivyo. Angeweza kusema inalia, akalinusuru jina lake na kumvunja kijana moyo bure. Alifumbua macho ili apate muda.

Mpwa wake alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameikunja kifuani na vidole vimekwama kwapani, vile vile alivyokuwa akisimama utotoni akisubiri kuambiwa kama anaruhusiwa kwenda kuangalia harusi.

"Imetulia," alisema Sikio.

Watu walipiga makofi. Aliyaona.

Walirudi na gari siku ile ile. Sikio alikaa mbele, kiti kimemmeza, magoti yako juu. Watu barabarani waligeuza shingo. Penye mteremko mpwa alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena, kisha akamgeukia mjomba wake na kusema jambo. Barabara ilikuwa na mashimo na uso wake ulikuwa ukirukaruka. Sikio alidaka "mjomba," akadaka kitu kama "kawaida," na akaona nyusi zimeinuliwa. Akadhani kijana anasema si gari la kawaida hili. Akacheka, akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Imetulia!"

Mpwa naye akacheka, akaangalia mbele, akaendelea kuendesha.

Harusi ya kwanza ilipatikana upesi. Mpwa alilisugua gari mpaka likawa linaonyesha sura za watu, akalifunga tepe nyeupe, akavaa suti ya kuazima iliyombana mabegani. Aliwaomba mjomba na mkewe wakasimame kando ya barabara kuu wamwone akipita. Wakaenda, Sikio na shati lake jeupe, mkewe na kitenge kipya. Walisimama pale penye kona, watu wengi, watoto wako mbele.

Sikio aliuona msafara kabla ya wengine, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejifunza kufanya kazi mara mbili. Gari jekundu lilitangulia. Aliona vinywa vya wanawake vikipiga vigelegele. Aliona mpwa wake kwenye usukani, mkono mmoja nje ya dirisha, na kwa muda mfupi alisahau kila kitu, akainua mkono wake pia.

Halafu vigelegele vilikatika midomoni. Watu wote walishtuka kwa pamoja, mabega juu, na mtoto mmoja akaziba masikio. Sikio alitazama huku na huku akitafuta kilichowashtua. Alipolirudia gari aliona moshi mweupe unatoka chini ya boneti, na nyuma yake, juu ya lami, mchirizi mpana mweusi wa oili uking'aa juani. Gari lilijiburuta mpaka mbele yao likasimama. Bwana harusi wa siku ile alitoka kiti cha nyuma akikohoa. Bibi harusi alitoka na gauni kalishika kwa mikono miwili, halafu ukingo wake ukaponyoka ukaanguka kwenye oili. Akaanza kulia. Mwenye kamera, yule rafiki, alikuwa bado anapiga picha, mpaka mtu akamshika mkono.

Mkewe alikuwa amemkamata Sikio kwa nguvu mpaka kucha zikamwingia.

Walilivuta gari hadi nyumbani kwa Sikio, na Kipara akaja kulifungua, kwa sababu Sikio alisema mgongo unauma. Konrodi ilikuwa imekatika ikatoboa ubavu wa injini. Tundu lilikuwa kubwa, ngumi ingepita. Kipara alichokonoa ndani akatoa vipande vya beringi vilivyosagika, akaviweka kiganjani, akavigeuzageuza kwa muda mrefu. Vilikuwa vyembamba mno, vimelika kwa muda mrefu. Fundi yeyote angeona kwamba injini ile ilikuwa inagonga tangu kabla ya kununuliwa. Kipara alimwinulia macho mwalimu wake, na Sikio akajua kuwa mwenzake ameelewa, pengine si leo tu.

"Imekufaje?" aliuliza mpwa. Suti ya watu bado ilikuwa mwilini, imepakaa oili.

Kipara alivifumbata vile vipande. Alikuwa amegeukia mwanga, na Sikio aliisoma midomo yake neno kwa neno.

"Magari haya hayataki kukanyagwa sana," alisema Kipara. "Ukilikanyaga likiwa halijapata moto vizuri, ndiyo hivi. Mjomba wako alilikagua, alikuta liko sawa. Ni uendeshaji tu."

Alisema hivyo kwa heshima. Ndivyo alivyolelewa, hamwaibishi aliyemfundisha kushika spana mbele ya mpwa wake. Na Sikio, aliyeuona uongo ule ukitoka mzima mzima, alisimama akautazama ukimwingia kijana na kukaa.

Dalali hakupokea tena simu, hata moja kati ya zile mbili. Rafiki wa picha alitafuta gari jingine. Ada ya harusi ilirudishwa, gauni likalipwa. Kikohozi cha mpwa kikawa kinamwamsha mapema, na mkewe Sikio akawa anampikia maji ya moto kila asubuhi bila kuombwa. Hakukuwa na la kupanga. Machimboni walikuwa wanatafuta watu, kama kawaida yao.

Siku ya kuondoka alikuja na begi lake lile lile. Gari lilikuwa uani, limefunikwa turubai, tepe nyeupe moja bado inaning'inia kwenye kioo cha pembeni. Mpwa aliketi kwenye ngazi ya mlango akaongea akiwa ameinamisha kichwa, kwa hiyo Sikio hakupata hata neno. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alipomgeukia mumewe, macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Anakuomba msamaha," alisema, akipanua mdomo kwa kila neno. "Anasema amekuaibisha. Anasema siku ile mnarudi alikuuliza, ule mlio wa chini chini, ko-ko-ko, anapokanyaga mafuta, ni wa kawaida? Wewe ukacheka, ukasema imetulia. Basi anajua gari lilikuwa zima. Anasema ameliua mwenyewe, baada ya hapo."

Ko-ko-ko. Hata mtoto anayejifunza kushika spana angeujua mlio ule. Sikio aliegemea ukuta. Aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya jina. Jina lilikuwa salama kabisa, hata Kipara alikuwa amelilinda. Ilikuwa aibu ya kumwona mtoto wa dada yake ameubeba mzigo usio wake, na anaubeba kwa adabu.

Mpwa aliinuka, akalivua gari turubai. Akaingia akakaa nyuma ya usukani, akachungulia dirishani. Sasa uso wake ulikuwa kwenye mwanga.

"Sikiliza mara ya mwisho, mjomba," alisema. "Labda kuna cha kuokoa. Labda giaboksi. Nikijua kuna kitu, nitafanya kazi nikiwa na moyo."

Akazungusha ufunguo; safari hii ardhi haikumtekenya Sikio miguuni. Sikio aliifungua boneti. Bisibisi ilikuwa mfukoni, ilikuwa siku zote mfukoni. Aliweka ncha juu ya injini iliyotobolewa, akaubana mpini nyuma ya sikio, akafumba macho kama siku zote.

Kilikuwa kimya kile kile. Masikioni hapakuwa na tofauti hata chembe kati ya siku ile yadini na leo. Kizuri, kimejaa, hakina mkwaruzo. Kwake yeye gari zima na gari lililokufa yalikuwa jambo moja, na hivyo ndivyo itakavyokuwa mpaka aingie kaburini. Alifumbua macho. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Mpwa alikuwa anamtazama, mkono bado uko kwenye ufunguo.

"Sisikii," alisema Sikio.

Alikuwa amelibeba neno hilo muda mrefu sana. Akalirudia, kwa sauti asiyojua ukubwa wake. "Mimi sisikii, mjomba."

Mpwa alitikisa kichwa taratibu kukubali. Akauchomoa ufunguo, akaupangusa kwa kidole gumba kama kitu cha thamani. Alitabasamu kidogo, tabasamu la kumpa mzee moyo.

"Hata mimi sisikii," alisema. "Ndiyo imetulia hivyo."

Alitoka, akafunga mlango wa gari kwa upole, akalirudishia turubai. Akamshika mjomba wake mkono kwa mikono miwili, akachukua begi lake. Hakuwa amemwelewa. Alikuwa ameambiwa ukweli wote akausikia kama jibu la fundi, na ilibaki kumwambia tena tu, kwa maneno mengine machache, kabla hajafika getini.

Mlangoni mkewe alikuwa anatamka neno lile moja, bila sauti, amepanua mdomo kadiri alivyoweza. Sikio alimwona. Akaangalia pembeni, kwenye ile tepe nyeupe, maana asiyesikia akiangalia pembeni hakuna awezaye kumwambia kitu, na akabaki ameangalia huko mpaka alipojua kwamba kijana ameshaondoka.